Ndani au nje ya kiini: bili inakwenda kwa nani?

Mzee alikuja na diski mbili ndani ya mfuko wa rambo. Moja ilijaa rekodi za kwaya ya usharika wao tangu enzi za kanda, nyingine ilikuwa mpya, bado imo kwenye nailoni yake. "Fundi, vyote vihamie huku," akasema, "nina basi la saa kumi." Kompyuta ya ofisini kwangu ni laptop ya siku nyingi inayoendeshwa na Linux. Diski zote mbili zilikuwa na mpangilio wa NTFS, ule wa Windows, kama zinavyokuja diski nyingi za dukani. Nikachomeka, nikaanza kunakili. Baada ya dakika chache nikafungua orodha ya kazi zinazoendelea. Juu kabisa, ikitafuna prosesa kuliko hata kivinjari, palikuwa na jina mount.ntfs. Diski zenyewe zilikuwa zinasubiri. Aliyechoka ni prosesa.

"Kwani inabeba au inahesabu?" Mzee aliuliza, macho kwenye ule mstari unaotambaa.

Vyote viwili, nikamjibu, na swali lake likabaki nami hata baada ya yeye kuwahi basi.

Katika kila kompyuta na kila simu kuna programu moja yenye funguo zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoandika kwenye diski, inayopokea pakiti za mtandao, inayoamua nani akae kwenye prosesa na kwa muda gani. Vitabu vinaiita kiini. Sisi mafundi tumezoea kusema keneli. Programu nyingine zote ni wapangaji. Mpangaji akitaka jambo lifanyike, ama analifanya mwenyewe kwa msimbo aliokuja nao, yaani maktaba, ama anamtuma mhudumu wa pembeni ambaye naye ni mpangaji, ama anagonga mlango wa kiini. Watengenezaji wa mifumo endeshi, kila wanapopata wazo jipya, huamua liwekwe wapi: ndani, kwa mwenye funguo, au nje. Wanaamua wao, ila bili anapelekewa aliyenunua simu, anayechagua VPN ya ofisi, anayesaini mkataba wa programu ya ulinzi.

Wauzaji hutangaza bei moja tu, nayo ni kasi. Ndiyo inayopimika kirahisi, basi tuanze nayo.

Kugonga mlango wa kiini kuna nauli. Ni ndogo mno kwa safari moja, lakini hulipwa kila safari. Ukitaka kuiona kwa macho, keti kwenye mashine yoyote ya Linux, tengeneza faili la megabaiti 1, kisha linakili kwa amri ya dd ukiiagiza ibebe baiti moja moja. Kila baiti ni wito mmoja wa kusoma na mmoja wa kuandika. Baiti ziko 1,048,576, kwa hiyo mlango unagongwa zaidi ya mara milioni mbili. Rudia, safari hii iagize ibebe kilobaiti 64 kwa mkupuo. Inasoma mara 16, inaandika mara 16, imemaliza kabla hujainua kidole. Faili ni lilelile, diski ni ileile.

Ndiyo sababu maktaba ya C haiendi kwa kiini kwa ajili ya herufi moja. Programu ikiomba herufi ya kwanza, maktaba inakwenda kuchota furushi zima, mara nyingi baiti 4096, inaliweka karibu, halafu inagawa rejareja. Ni kazi ya Mangi wa dukani: ananunua kiroba, anakuuzia robo. Na ukiwa na Mangi mtaani huna haja ya kupanda daladala hadi sokoni kila unapoishiwa sukari.

Nauli hiyo hupanda, na mteja haulizwi. Januari 2018 ilipotangazwa kasoro ya prosesa iliyopewa jina Meltdown, dawa yake ilikuwa kutenganisha kabisa ramani ya kumbukumbu ya kiini na ile ya wapangaji, ili mpangaji mjanja asiweze kuchungulia. Tangu hapo, kwenye prosesa zilizoathirika, kila kuvuka mlango kulimaanisha kubadilisha ramani. Aliyekuwa anaandika barua kwenye kompyuta yake hakuhisi chochote. Wenye hifadhidata na seva zinazogonga mlango kutwa nzima ndio walioiona kwenye bili ya mashine.

Kwa maombi mengine kiini chenyewe kimeamua kutundika jibu nje. Saa ni mfano wake. Programu huuliza saa mara nyingi ajabu, na Linux badala ya kupokea kila swali hubandika ukurasa mdogo ndani ya kumbukumbu ya kila programu, wenye taarifa za kukokotoa wakati. Programu inatazama ukutani, inaendelea na kazi. Hakuna aliyegongwa.

Lakini kuna ubahili unaomtokea mtu puani. Maktaba ya glibc iliwahi kuona kwamba hata swali dogo kama "mimi ni mchakato namba ngapi?" linafaa kukumbukwa: uliza kiini mara moja, andika jibu, baada ya hapo jibu mwenyewe. Namba haibadiliki, kwa nini kulipa nauli tena? Ila mchakato ukizaa mchakato mwingine kwa njia ambayo maktaba haikuishuhudia, mtoto alijibu kwa namba ya mzazi. Ubahili huo ulianza toleo la 2.3.4 na ukaondolewa toleo la 2.25, mwaka 2017. Miaka yote hiyo ya kutoa majibu ya uongo hapa na pale, kwa ajili ya kuokoa nauli ya swali ambalo programu nyingi huliuliza mara moja tu.

Ugomvi wenyewe wa ndani au nje ni wa zamani. Mwaka 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyetunga MINIX, alimwambia mwanafunzi wa Helsinki aliyetunga Linux, Linus Torvalds, kwamba kiini kikubwa kinachobeba kila kitu ni mtindo uliopitwa na wakati. Torvalds hakusikia, na Linux ya leo ina zaidi ya mistari milioni 30, sehemu kubwa ikiwa ni draiva, yaani msimbo wa kuongoza vifaa. Waliotetea viini vikubwa walikuwa na ushahidi mkononi: Mach, kiini kidogo cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichukua mikrosekunde 115 kufikisha ujumbe mfupi kutoka mpangaji mmoja hadi mwingine, kwenye prosesa ya 486 ya megahezi 50. Akatokea Mjerumani Jochen Liedtke, akaandika upya kila kitu akihesabu kila amri ya prosesa, na kwenye prosesa ya aina hiyohiyo akafika takriban 5. Tatizo halikuwa kukaa nje. Mlango ndio ulikuwa umefungwa vibaya.

Mwaka 1995 Liedtke aliweka kipimo ambacho mpaka leo sijaona kikali zaidi: jambo liruhusiwe kuingia ndani ya kiini iwapo tu kuliacha nje kutafanya kazi inayotakiwa isiwezekane. Si kwamba itakwenda polepole. Isiwezekane. Kwa duka la kawaida kipimo hicho ni kikali kupita kiasi, nakiri, lakini ukikishika mkononi unaanza kusoma matangazo ya bidhaa kwa jicho jingine.

Turudi kwenye diski ya mzee. Programu iliyokuwa ikitafuna prosesa yangu ni NTFS-3G, na inakaa nje. Kiini kinapopokea ombi la kusoma faili kwenye diski ya aina hiyo, hakijui lugha yake. Kinampelekea mhudumu wa nje, mhudumu anatafsiri, anakiomba kiini vipande halisi vya diski, anapewa, anavipanga, anarudisha kwa kiini, kiini kinampa aliyeomba. Mzigo mmoja unavuka mpaka mara kadhaa. Faida yake ni kwamba mhudumu akianguka, kinachopotea ni kazi ya diski hiyo tu, kompyuta inabaki imesimama. Toleo la kwanza la kutegemewa lilitoka 2007, na kwa zaidi ya miaka kumi ndilo lililotuweka mjini. Mwishoni mwa 2021, Linux 5.15 ilikuja na draiva nyingine, ntfs3, iliyotolewa na kampuni ya Paragon na kuingizwa ndani ya kiini. Kwenye mashine dhaifu tofauti inaonekana bila saa ya kupimia: jina mount.ntfs linatoweka kwenye orodha na diski ndiyo inayobaki ikihema.

Basi ndani ni bora? Uliza simu yako. Wenye Android wamezungushwa njia hii kwenda na kurudi. Sehemu ya hifadhi tunayoiona kama kadi ya kumbukumbu, yenye picha na nyimbo, mwanzoni ilisimamiwa na mhudumu wa nje. Ilikuwa nzito, kwa hiyo kufikia Android 8 kazi hiyo ilihamishiwa ndani ya kiini kwa kitu kiitwacho sdcardfs. Kasi ikaja. Halafu sheria zikaanza kubadilika: programu ya tochi isione picha za harusi, programu iliyopewa picha isipewe pia mahali ilipopigwa, kila programu ikae kwenye chumba chake. Sheria za namna hiyo hubadilika kila toleo, na kuziandika ndani ya kiini ni sawa na kuandika bei za nyanya kwenye zege. Mwaka 2020 Android 11 ilirudisha kazi nje. Sasa mhudumu ni sehemu ya mfumo inayoweza kusasishwa kupitia Play kama programu nyingine. Na ule uzito wa zamani? Android 12 ilifungua kinjia cha pembeni: mhudumu akishaamua kwamba unaruhusiwa kufungua faili, baiti zenyewe hupita moja kwa moja bila yeye kuzibeba. Ruhusa inatolewa nje, mzigo unapita ndani.

Mimi naona safari hiyo ya Android inafundisha kuliko mabishano yote ya maprofesa, kwa sababu iligharimiwa na kampuni yenye wahandisi wa kila aina na bado walilazimika kurudi walikotoka.

Ukichagua VPN unakutana na swali lilelile, safari hii likiwa na majina mawili unayoweza kuyapakua leo bila kulipa senti. OpenVPN kwa asili yake iko nje: pakiti inatoka kwenye programu, inaingia kiini, inatolewa nje ili ifungwe kwa siri, inarudishwa kiini, ndipo inaondoka. WireGuard iliingia ndani ya Linux toleo la 5.6, Machi 2020, na pakiti yake inafungwa hukohuko ndani. Kilichowafanya wenye kiini wakubali mgeni huyo ni udogo wake: msimbo wake ni kama mistari 4,000, kitu ambacho mtu mmoja mwenye subira anaweza kukisoma akakimaliza. Kwa ofisi yenye seva moja ya Linux na matawi mawili, ningechukua WireGuard bila kufikiri mara mbili, hasa kama seva ni ile ya bei nafuu yenye prosesa moja tu. Kama wafanyakazi wako wanaingia kwa jina na nywila, au wako kwenye mitandao ya hoteli inayoziba kila mlango isipokuwa ule wa tovuti, OpenVPN itakupitisha mahali ambapo WireGuard, isiyojua njia ya TCP ya kusafirisha data, itabaki imekodoa macho. Na ukiweka WireGuard kwenye simu ya kawaida, jua kwamba kiini cha simu hakihusiki: programu hubeba toleo lililoandikwa kwa Go, linalokaa nje. Inafanya kazi vizuri kabisa. Kasi ya ndani ni hoja kwa seva inayobeba watu wengi. Kwa simu moja inayosoma barua pepe ni mapambo.

Mpaka hapa tumezungumzia bei ya kazi inapokwenda sawa. Bei ya kosa ni kubwa zaidi na haiandikwi kwenye tangazo.

Tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la mwongozo kwa mashine za Windows za wateja wake. Halikuwa programu mpya, lilikuwa orodha ya vitu vya kuchunguza. Mwongozo uliomba sehemu ya 21 ya taarifa, wakati msimbo uliokuwa ukiusoma ulikuwa umepewa sehemu 20 tu. Ukanyoosha mkono nje ya mpaka wa kumbukumbu. Kosa kama hilo likitokea ndani ya maktaba ya mpangaji, mpangaji anaanguka, unamwasha tena. Msimbo huu ulikuwa ndani ya kiini, na kiini kikishika kumbukumbu isiyo yake hakina wa kumwomba msamaha: mashine nzima inazima. Inawaka, inasoma faili lilelile, inazima tena. Faili liliondolewa saa 2 na dakika 27, baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka. Kwa mashine nyingi dawa haikuweza kutumwa kwa mtandao, maana hazikuwaka vya kutosha kuipokea. Watu walipita meza hadi meza, wakiwasha kila moja kwa hali ya dharura na kufuta faili kwa mkono, na penye diski zilizofungwa kwa BitLocker, wakiandika kwanza ufunguo wa tarakimu 48.

Ni chini ya asilimia moja ya mashine zote za Windows, lakini zilikuwa kwenye viwanja vya ndege, benki na hospitali. Msafiri aliyelala kwenye kiti cha uwanja wa ndege hakuwa amechagua programu ya ulinzi ya mtu yeyote.

Sisemi mlinzi hana haja ya kuwa ndani. Ana haja: anataka kuwaka kabla ya wezi, kuona kila mchakato unaozaliwa, na kutozimwa na mgeni aliyeshika madaraka. Lakini anahitaji mlango ndani, si ofisi nzima. Kusoma mwongozo, kulinganisha orodha, kuamua nani ni mwizi, vyote hivyo vinaweza kufanywa nje kwa taarifa zinazoletwa na kipande kidogo kilichobaki ndani. Apple ilianza kuwasukuma watengenezaji kutoka nje ya kiini cha Mac mwaka 2019. Microsoft ilitangaza njia ya namna hiyo kwa Windows mwaka 2025. Kwa hiyo ukiletewa mkataba wa programu ya ulinzi, uliza maswali ambayo muuzaji hajazoea: kipi kinakaa ndani ya kiini, na mafaili ya mwongozo yanaweza kuanza na mashine tano za majaribio kabla ya kufika kwa zote? Swali la pili lina historia yake. Wateja wa 2024 waliokuwa wamejihadhari kwa kubaki toleo moja nyuma walianguka pamoja na wengine, kwa sababu tahadhari hiyo ilihusu programu, haikuhusu mwongozo.

Windows yenyewe ina mkasa wa kale unaofanana na huo. Matoleo ya kwanza ya NT, kuanzia 1993, yaliweka uchoraji wa madirisha nje ya kiini. Picha zilikuwa nzito, na mwaka 1996 NT 4.0 ikauhamishia ndani, pamoja na usomaji wa fonti. Fonti ni nini? Kwa jicho la kawaida ni umbo la herufi. Kwa kompyuta ni faili lenye programu ndogo ndani yake, linaloweza kuletwa na mtu yeyote ndani ya hati yoyote. Mwaka 2011 kirusi cha kijasusi kiitwacho Duqu kiliingia kwenye mashine kupitia hati ya Word yenye fonti iliyotegwa: kufungua hati tu kulitosha kumpa mgeni funguo za kiini. Windows 10 iliutoa usomaji wa fonti nje ya kiini na kuufungia kwenye chumba chenye ruhusa chache. Kasi iliyonunuliwa mwaka 1996 ilikuja kulipiwa upya, na waliolipa hawakuwa walewale.

Wapenzi wa maktaba wasianze kushangilia. Maktaba ikibebwa na kila programu, kasoro yake nayo inabebwa na kila programu. Aprili 2014 ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed ndani ya maktaba ya OpenSSL, mashambulizi hayakuzima mashine. Yalichota kimyakimya hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja kutoka kwenye kumbukumbu ya programu iliyokuwa ikiitumia, na humo mlikuwa na nywila na hata funguo za siri za tovuti. Kuweka kiraka kwenye maktaba hakukutosha. Kila huduma iliyokuwa imeshaiazima ilibidi izimwe na kuwashwa, na zile zilizokuja na nakala yake tumboni zilibaki zikisubiri mtengenezaji wake aamke. Kiini ukikirekebisha na kuwasha upya, umemaliza kwa wote waliomo.

Bei ninayoiona watu wengi wakiisahau ni ya kusubiri. Sheria za TCP, zinazoongoza namna data inavyosafiri kwenye intaneti, zinakaa ndani ya kiini. Ukibuni njia bora ya kusafirisha, unahitaji kiini kipya kwenye seva na kiini kipya kwenye kila simu. Sasa fikiria simu iliyonunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue miaka sita iliyopita: kiini chake ni kilekile ilichotoka nacho kiwandani, au karibu na hicho, na mtengenezaji alishaisahau. Lakini programu zilizomo zinasasishwa kila ukipata bando. Google ilichukua njia hiyo. Ilibuni QUIC, ikaiweka ndani ya Chrome na programu ya YouTube yenyewe, ikitumia kiini kama bodaboda tu wa kufikisha pakiti. Waliweza kubadilisha, kupima na kubadilisha tena bila kumsubiri mtu, na mwaka 2021 ikawa kanuni rasmi, RFC 9000. Haikuwa bure. Wahandisi wao waliandika mwaka 2017 kwamba mwanzoni seva zilitumia prosesa mara 3.5 zaidi kuliko kwa njia ya zamani, wakapunguza hadi takriban mara 2. Google ilikubali kulipa umeme huo wa seva ili simu yako isisubiri. Kwa mwenye simu ya zamani, hiyo ni biashara nzuri ambayo hata hakujua ameifanya.

Jambo kama hilo, ingawa halikuhusu kiini, lilijitokeza mwishoni mwa 2020. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti vya usalama bure kwa mamilioni ya tovuti, walitahadharisha kwamba Android za kabla ya 7.1.1 hazingetambua cheti chao kipya cha msingi. Ushauri wao kwa wenye simu hizo ulikuwa mwepesi: wekeni Firefox. Firefox hutembea na orodha yake yenyewe ya vyeti, haitegemei ya mfumo. Baadaye ilipatikana njia ya kusogeza tatizo mbele, lakini mimi tangu hapo simu kuukuu ikiletwa mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachoweka ni Firefox.

Sasa bidhaa ninayoipa alama za juu kuliko zote katika ulinganisho huu. Haiuzwi, na huenda hujawahi kulisikia jina lake, lakini simu yako ya Android inaitumia wakati huu unaposoma. Inaitwa futex, na ilielezwa mwaka 2002 na Hubertus Franke, Rusty Russell na Matthew Kirkwood.

Chukua nyumba ya kupanga yenye bafu moja. Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: anayetaka kuoga anakwenda kwanza kwa mama mwenye nyumba kuomba ufunguo, hata kama ni alfajiri na bafu ni tupu, na akitoka anaurudisha mkononi mwake. Futex iliweka kibao mlangoni. Kikisema wazi, unakigeuza, unaingia, hujamwamsha mtu. Kikisema kuna mtu, hapo ndipo unakwenda: "Mama, nalala, naomba uniamshe akitoka." Kibao ni namba moja ndani ya kumbukumbu ya programu, inayogeuzwa kwa amri moja ya prosesa isiyokatizwa katikati. Mama mwenye nyumba, yaani kiini, hajui hata kama kufuli lipo mpaka wawili wagongane. Na kwa kuwa mara nyingi bafu ni tupu, mara nyingi haamshwi.

Uzuri wenyewe uko kwenye tundu dogo. Itakuwaje kama aliyekuwa ndani ametoka wakati wewe uko njiani kwenda kwa mama? Utalala, na hakuna atakayekuamsha, kwa sababu aliyepaswa kuondoka ameshaondoka. Kwa hiyo unapokwenda, unamwambia pia ulichokiona kwenye kibao. Kabla hajakuruhusu kulala, anakitazama mwenyewe. Kimebadilika? "Rudi ukajaribu tena, mwanangu." Kutazama na kulaza vinafanywa kama tendo moja, na hicho ndicho kipande pekee ambacho mpangaji hawezi kukifanya mwenyewe. Liedtke angekipitisha bila kinyongo. Kila kitu kingine, nani apewe zamu, kufuli la aina gani, kimebaki kwenye maktaba. Bei yake ni kwamba maktaba hiyo ni ngumu kuandika: Ulrich Drepper, aliyekuwa akitunza glibc, alitumia makala nzima kuonyesha mahali watu wanapojikwaa. Lakini wamejikwaa wao, mimi na wewe tunaoga.

Netflix walikata mpaka mahali panapofanana na hapo. Kusalimiana kwa siri kati ya simu na seva, kazi yenye sheria nyingi na vyeti, kumebaki kwenye maktaba. Kufunga mafurushi ya filamu, kazi ya kurudia ileile mabilioni ya mara, kumeingizwa ndani ya kiini cha FreeBSD, ili data itoke diski hadi mtandao bila kupanda juu kwa programu. Mwaka 2021 walionyesha seva moja ikitoa gigabiti 400 kwa sekunde.

Jambo la mwisho kabla sijarudi kwa mzee. Kilichoingia kiini hakitoki kirahisi. Torvalds ana amri isiyojadiliwa: programu iliyokuwa ikifanya kazi jana isivunjwe na kiini cha leo. Kwa mtumiaji hiyo ni neema, lakini maana yake kila mlango mpya utalindwa milele. Mwaka 2019 Linux ilifunguliwa io_uring, foleni ya pamoja inayowezesha programu kuagiza kazi nyingi kwa nauli ndogo sana, na kwa kasi haina mpinzani. Mwaka 2023 Google ilisema asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa kwenye mpango wake wa zawadi za kuvunja kiini yalipitia hapo, ikaizima kwenye ChromeOS na kuzizuia programu za Android zisiifikie. Mwenye seva ya hifadhidata aliyejifungia peke yake anaweza kuichukua akafurahi. Anayeendesha programu za watu asiowajua kwenye mashine yake, aiache.

Mwezi uliopita mzee alirudi, diski ileile ya kwaya. Safari hii laptop yangu ilikuwa imeshahamia ntfs3, na nilitaka kumwonyesha kasi. Nikachomeka. Kimya. Huko kanisani mtu alikuwa ameichomoa kwenye Windows bila kuiaga, na draiva ya ndani ikikuta alama hiyo haibahatishi. Iliandika kwenye kumbukumbu za kiini kwamba diski ni chafu na kwamba haijapewa ruhusa ya kulazimisha.

"Inasema ni chafu," nikamtafsiria.

Mzee akatoa leso, akaanza kuifuta.

Nikamwomba diski, nikaifungua kwa NTFS-3G, kusoma tu bila kuandika, na nyimbo zote zikajitokeza. Nikaanza kunakili. Jina mount.ntfs likapanda tena juu ya orodha, prosesa ikaanza kuvuma. Nikamuuliza kuhusu basi la saa kumi.

"Leo nimekuja asubuhi," akasema, akavuta kiti.